Pindo la Mbele

Siku ya pili tu baada ya lori kushusha vyombo, kabla hata kitanda hakijafungwa skrubu zake zote, mama alikata shauri kwamba shule ya mwanawe haitachaguliwa kwa kusikia. Ataenda kuiona kwa macho yake. Yeye alikuwa fundi wa kushona, na mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji, aliyehamishiwa kazi katika mji ule mdogo. Tangu apate barua ya uhamisho, mume alikuwa na wimbo mmoja: shule ya juu, shule ya juu, ile iliyoko kilimani. Watoto wa bosi wake mpya walisoma huko, na bosi mwenyewe, kwa ukarimu wake, alikuwa amewaombea nafasi moja iwekwe kando hadi Ijumaa saa sita mchana.

"Nafasi za pale zinagombewa kama mpira wa kona, Mama Chiriku," alisema mume.

"Waache wagombee. Mimi naenda kuangalia."

Ukaidi huo ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa juu ya godoro lililokunjwa, ikichora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Binti yao wa miaka tisa alipewa jina la Chiriku kwa kuwa tangu ajue kusema hakuwa na breki. Sasa jina lilibaki, maneno yamekwisha. Katika shule waliyoihama, mwalimu mmoja alikuwa akimpigisha magoti kwenye changarawe kila alipocheka darasani, na Chiriku alikuwa mtoto wa kucheka. Karibu mwaka mzima ulipita wazazi hawajui. Walipokuja kujua, mtoto alikwisha acha kucheka, akaacha kujibu maswali, mwishowe akaacha kuongea hata mezani nyumbani. Miezi miwili ya mwisho hakukanyaga shule. Alipoambiwa wanahama, alisema sentensi moja tu: "Wakinipigisha tena magoti, sirudi tena, hata mkinibeba."

Mama yake alimwahidi kwamba hilo halitatokea. Alimwahidi kwa moyo wote, ila hakujua atalizuiaje.

Ilikuwa likizo, na shule bila watoto haisemi kitu. Walianza na ya juu. Mwalimu mkuu, suti imemkaa barabara, aliwatembeza kwenye korido inayong'aa, akawaonyesha kabati la vikombe na ubao wa matokeo ya miaka sita. Mume alikuwa anatikisa kichwa kukubali hata kabla sentensi hazijaisha.

"Na mtoto akikosea, mnamwadhibu vipi?" aliuliza mama.

"Mama, hapa watoto wana nidhamu. Suala hilo halijitokezi."

Jibu lile lilikuwa limepigwa pasi mno. Hakulipenda, lakini hakuwa na la kulipinga.

Shule ya pili ilikuwa nyuma ya soko. Mlinzi aliwaambia mwalimu mkuu ametoka kidogo, na walipodadisi ikajulikana kwamba ametoka kidogo tangu wiki iliyopita. Wakaifuta hiyo papo hapo, na hapo tu ndipo mume na mke walipokubaliana siku ile.

Ya tatu, shule ya chini, ilikuwa karibu na daraja. Mwalimu mkuu wa pale walimkuta ameinama juu ya dawati lililopinduliwa, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Aliitema ndipo akawasalimu.

"Sitaki kuwadanganya, wazazi wenzangu," alisema. "Darasa la mtoto wenu lina watoto sitini na wawili. Madawati hayatoshi. Matokeo yetu ni ya kati na kati."

"Na adhabu?"

"Mchelewaji na mpiga kelele wanamwagilia miche." Alielekeza nyundo kwenye mstari wa miti michanga kando ya ukuta. "Tazama ilivyostawi. Watoto wangu ni wakorofi sana."

Mume alicheka, lakini walipotoka getini akageuka. "Sitini na wawili! Umemsikia mwenyewe."

Mama alimsikia. Alikuwa pia amewasikia watu wazima wawili, mmoja wa suti na mmoja wa nyundo, na maneno ya watu wazima yalikwisha mtia hasara. Alitaka kusikia kutoka kwa watoto, na watoto walikuwa likizo.

Jumatano alikwenda sokoni kununua uzi, akapita kwenye kibaraza cha fundi mmoja mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Vifungo. Hapo akasimama. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na wazazi wote wa mji, kama ilivyo ada ya wazazi, walikuwa wamekumbuka sare kwa mkupuo. Rundo moja la rangi ya damu ya mzee, rundo moja la bluu, na katikati Mama Vifungo akitokwa jasho, pini amezibana mdomoni.

"Za wapi hizi?" aliuliza mama.

"Damu ya mzee za juu, bluu za chini. Kama umeleta nyingine, dada yangu, nitalia mbele yako."

"Sijaleta. Nimekuja kukusaidia. Nipe cherehani ile ya pembeni, nami usinilipe."

Mama Vifungo alimtazama mikono, si uso, akamsogezea kiti.

Sketi ya kwanza ya damu ya mzee, moja ya zile ndefu za kupita magoti, ilikuwa imeachia pindo kwa mbele. Akaishona. Ya pili, mbele. Ya tatu, mbele. Alipofika ya sita, mguu wake uliganda juu ya pedali. Nyuma, pindo lilikuwa zima, uzi wa kwanza haujaguswa. Mbele, kitambaa kilikuwa kimesagika, na ndani ya mshono mlikuwa na chembe za changarawe. Akavuta suruali za wavulana. Magoti yote mawili yametoboka, mahali palepale, kana kwamba yamepimwa kwa rula. Mtoto anayecheza huanguka ovyo ovyo, leo goti hili, kesho kiwiko. Hakuna mchezo unaotoboa magoti mawili sawasawa kwa nguo za shule nzima.

Aliijua kazi ile. Alikuwa ameifanya mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, kwenye sketi ya Chiriku, na mara zote tatu alimgombeza mtoto: "Huko shuleni mnatambaa? Unadhani nyuzi naokota?" Fundi mwenye miaka kumi na minne kazini, anayeweza kutazama shati akakwambia mwenyewe anabebea mzigo bega gani, alipakata ushahidi mapajani mwake, akaushona, akaupiga pasi, akamrudisha mtoto kulekule. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijiona mjinga, na safari hii hakutafuta wa kumsingizia.

Alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akalivuta rundo la bluu. Mifuko ilikuwa imetobolewa na penseli. Viwiko vimeliwa na kuandika. Makalio yamechakaa kwa kukaa sakafuni, kwa hiyo yule wa nyundo hakudanganya kuhusu madawati. Sketi moja ilichanika ubavuni, bila shaka kwa kuruka uzio. Ndani ya mfuko wa kaptula moja alikuta karatasi iliyokunjwa, orodha ya zamu za kumwagilia miche, na jina la mtoto mmoja limeandikwa mara nne.

Alicheka peke yake, machozi hayajakauka.

"Mama Vifungo, hizi za juu, mbona zote zinakatika mbele?"

Mama Vifungo alitoa pini moja moja mdomoni. Ilimchukua muda. "Mimi nashona tu, dada. Siulizi."

"Na mimi nilikuwa hivyo hivyo," alisema mama. "Hata nilipokuwa namshonea wangu."

Kesho yake, mume aliporudi kula chakula cha mchana, alikuta mezani hakuna sahani. Kulikuwa na sketi mbili za damu ya mzee, alizoziomba mkewe azimalizie nyumbani, na ya tatu ya kijivu, sare ya zamani ya Chiriku, iliyotolewa chini kabisa ya sanduku.

"Watoto huchakaza nguo," alisema mume. "Ndiyo kazi yao."

"Baba Chiriku, ukifungua pampu ukakuta beringi imelika upande mmoja tu, unasemaje?"

"Kuna kitu kimepinda ndani."

"Ukikuta pampu kumi za mahali pamoja zimelika upande uleule?"

Mume alivuta kiti, akaipindua sketi ya kwanza, kisha ya pili, akipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa vyuma. Alipofika ya kijivu alikisimamisha kidole juu ya mishono mitatu ya mkewe, mmoja juu ya mwingine.

"Bosi nitamwambia nini?" aliuliza mwishowe, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kubali.

"Mwambie mkeo ni fundi. Asipoelewa, mlete hapa nimwonyeshe."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, hawakujua tangu saa ngapi. Alisogea mezani, akagusa pindo la damu ya mzee.

"Hii ni ya nani?"

Mama hakujua. Ilikuwa ya mtoto fulani, ambaye mama yake naye pengine alikuwa anamgombeza.

Ijumaa saa nne alipanda mwenyewe kwenda kuirudisha nafasi. Mwalimu mkuu wa suti alimwambia atajuta. "Huenda," alijibu, "lakini si kwa sababu ya magoti." Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Mama Vifungo, akakaa kibarazani siku mbili zilizobaki, na kila mzazi aliyechukua sare ya damu ya mzee alimkabidhi pamoja na neno moja: muulize mwanao kwa nini inakatika mbele. Wengine walimjibu ovyo. Baba mmoja aliishika suruali kwenye mwanga, akaigeuza, akaondoka bila kuaga. Mama Vifungo alihofia wateja watamkimbia, akanung'unika mpaka Jumamosi mchana. Jioni yake, mteja wa mwisho alipofika, ni yeye aliyezitoa pini mdomoni, akauliza.

Chiriku alianza shule ya chini Jumatatu, amebana midomo. Wiki ya kwanza hakusimulia kitu. Wiki ya pili alisimulia jina la msichana wanayekaa naye dawati moja, basi. Mama hakumbana. Hesabu alimsaidia jioni kwa futi yake ya kupimia, maana sitini na wawili ni wengi kweli, na hilo alilikubali tangu mwanzo.

Wiki ya nne, mtoto alirudi nyumbani pindo la sketi ya bluu linaning'inia. Mbele.

Mama aliliona tangu mlangoni. Mkono wake ulikwisha kwenda kwenye sindano kwa mazoea yake yote ya miaka kumi na minne, na uzi wa bluu ulikuwa palepale. Akauzuia mkono. Akaiweka sindano chini, akamvuta mtoto karibu.

"Mwanangu, nini kimelikata hili?"

Chiriku alivuta pumzi. "Ndoo, mama. Nilikuwa namwagilia miche, sasa yule niliyekwambia tunakaa naye, na yeye alikuwa na zamu, akaniambia tuone nani atamaliza mstari wake kwanza, mimi nikabeba ndoo imejaa mpaka juu, mshikio wa ndoo umekatika una ncha, nikajikwaa, ncha ikaishika sketi, tukaanguka wote na ndoo, na mwalimu akasema ule mche sasa umeoga, halafu..."

"Ngoja kwanza. Kwa nini ulimwagilia? Umekosa nini?"

Mtoto akainamisha kichwa, lakini mdomo ulikuwa unacheza.

"Kuongea darasani."

Mama alikaa sakafuni palepale, mtoto mapajani, pindo halijashonwa, akasikiliza habari ile mpaka mwisho, na mwisho haukuja upesi.