Dadu Nyuma ya Kadibodi

"Umeyafukuza wewe," alisema Edmund, akijiegemeza kitini. "Mazimwi gani haya, bwana mdogo? Limekufa moja, saba yanatimua mbio kama kuku wa sikukuu!"

Isakwisa alihisi masikio yanamwaka. Alitoka Ilomba, Mbeya, kabla ya jogoo, akaja Iringa na kadibodi yake kwapani kwa jambo moja tu: kikundi cha dada Evarista, mwenye mgahawa huu, kilitafuta mtu wa kuongoza mchezo mwaka mzima. Mchezo wenyewe ni wa mezani, wa maneno na dadu. Wachezaji ni mashujaa. Mwongozaji husimulia safari, na mazimwi yote ni yake. Mwaka uliopita aliongoza Edmund. Mazimwi ya Edmund hayakujua kukimbia. Yalikufa yamesimama, moja baada ya jingine, mpaka watu wakapiga miayo.

Ya Isakwisa yalikuwa na moyo. Kila aina aliipa namba, akaiandika ndani ya kadibodi aliyoisimamisha mbele yake ili wachezaji wasione. Kiongozi wa mazimwi akianguka, Isakwisa hurusha dadu mbili. Zikizidi namba ile, yanakimbia. Na namba hizo hakuziokota hewani. Miezi miwili alikaa Kilolo kwa mjomba wake akilinda mahindi, akiandika daftarini nyani gani hukimbia, na kwa nini.

"Moyo wa haya ni tisa," alisema. "Dadu zimetoa kumi na moja."

"Nani kaziona? Umejificha nyuma ya boksi la sabuni, unatutangazia tu. Huo si uongozaji, kijana. Huo ni wizi."

Wizi! Isakwisa aliinuka, akaibwaga kadibodi chali katikati ya meza, chai ya watu ikamwagika.

"Tisa hiyo hapo, soma! Na kuanzia sasa dadu natupa mbele ya macho yenu. Mmeingia pangoni. Zimwi mama amesimama, anawatazama. Haya, shujaa, fanya yako!"

Edmund aliinama juu ya kadibodi. Kidole chake kilitembea mpaka kwenye zimwi mama, kikagota. Moyo: kumi na mbili. Dadu mbili haziwezi kuzidi hapo hata zikiombewa. Huyu hakimbii.

"Shujaa wangu anarudi mlangoni," alisema polepole.

"Kaka Edmund!" Veneranda, aliyekaa pembeni yake, alipasuka kicheko. "Kuku wa sikukuu ni nani sasa?"

"Huo ni mkakati."

"Umempa mgongo?" aliuliza Isakwisa.

"Nimempa. Kwani vipi?"

Veneranda, mzaliwa wa Kilolo, aliacha kucheka akajishika kichwa. "Mgongo! Kwetu hata mtoto anajua. Nyani mkubwa ukimpa mgongo, humtafuti tena kwenye mahindi. Unamkuta shingoni."

Isakwisa aligonga mstari uliokuwa chini ya ile namba: *Akipewa mgongo, hupiga mara mbili.* Edmund alisoma namba, maneno akayaruka. Dadu zikatupwa hadharani, mara ya kwanza, mara ya pili, na zote zikapata. Shujaa ambaye Edmund alimlea miaka miwili kabla ya kuwa mwongozaji akalala pangoni.

"Yatosha," alisema Evarista. "Mwaka huu unaongoza wewe, mdogo wangu."

Isakwisa hakuketi. "Siongozi nikiwa na jina la mwizi. Aseme mbele yenu kwamba sikuiba."

"Ulikuwa utani, bwana."

"Utani na nani? Mimi mtani wako? Sema, au narudi Mbeya na mazimwi yangu."

Edmund alichezea penseli yake, akaitazama, akaiweka.

"Zilikuwa kumi na moja," alisema. "Niliziona."

"Uliziona wapi?"

Edmund alinyoosha kidevu. Nyuma ya kiti cha Isakwisa kulikuwa na kabati la maandazi, na katika kioo chake meza yote ilionekana.

"Kwa hiyo tangu tumeanza unachungulia dadu zake," alisema Evarista kwa sauti ya chini, "na mwizi ukamwita yeye?"

Hasira ya Isakwisa haikupoa. Iliongezeka alipokuwa akiikunjua kadibodi na kuisimamisha upya. Hata hivyo aliketi.

"Andika shujaa mwingine," alimwambia Edmund. "Na uhame hicho kiti."