Magunia kwenye Ukuta wa Boila

Kichwa kilikuwa kinamgonga Nikolausi kwa siku ya tatu, naye akaendelea kuisingizia malaria. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mchochea boila katika shamba moja la ngano la serikali, upande wa Basotu. Kuni zake ndizo zilizochemsha maji ya jikoni na ya bafu. Mwezi wa Julai, upepo unaposhuka kutoka mlimani Hanang', watu mia mbili hurudi kambini na vumbi la ngano likiwawasha shingoni, na hakuna anayetaka kuambiwa kwamba maji ni baridi.

Mwaka huo mvua ilinyesha wakati wa mavuno. Ghala lilijaa, na magunia mengi yaliloa. Ndipo Ignasi, mtunza ghala, alipokumbuka ukuta wa chumba cha boila. Ukuta ule hauachi kuwa na joto. Akaamuru magunia yaegemezwe pale, kwa nje, chini ya upenu, yakauke. Yakapangwa hadi kupita kichwa cha mtu. Yakafunika matundu mawili ya hewa, pamoja na maneno ya rangi nyekundu yaliyoandikwa juu yake: MATUNDU HAYA YASIZIBWE. Nikolausi aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, mwaka aliomaliza masomo ya jioni ya watu wazima. Lilikuwa andiko lake la kwanza ambalo watu wengine walipaswa kulisoma.

Alikuwa amekwisha kumwendea Ignasi mara mbili.

"Ndugu Ignasi, moto wangu unataka hewa."

"Moto nao una pua?" Ignasi aliuliza, na wapagazi wakacheka. "Mimi nadaiwa ngano kavu, ndugu yangu. Ukitaka hewa, fungua mlango."

Akafungua mlango. Mvua ikaingia, moshi ukatapakaa hadi jikoni, akina mama wakapiga kelele. Akaufunga. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka haendi kugombana mara ya tatu. Aliomba tu, "Bwana, nitie nguvu hadi saa nane," kwa kuwa saa nane mchana Bura, mtoto wa dada yake, angekuja kupokea zamu.

Saa nane kasoro dakika chache, Perpetua wa jikoni aliingia na kiganja cha mtama.

"Shikamoo, Baba Tekla."

"Marahaba, mama. Umekuja kumwona mgeni wako?"

Mgeni alikuwa kuku wa Perpetua, anayeatamia mayai kumi na moja ndani ya karai, nyuma ya boila. Wanawake wa kambi walizoea kumwomba Nikolausi joto hilo wakati wa baridi, naye hakuwanyima. Perpetua akainama. Akakaa ameinama kitambo.

"Baba Tekla, huyu kuku amekufa."

Nikolausi akaenda kumshika. Hakuwa na jeraha. Alikuwa ameketi vizuri juu ya mayai yake, kichwa kimelala ubavuni. Mayai yalikuwa na joto bado.

Hapo Nikolausi akakielewa kichwa chake: haikuwa malaria, ilikuwa sumu ya moto uliokosa hewa. Kwenye kona alikuwa na kopo la makapi ya ngano. Kila asubuhi alizoea kushika makapi kidogo mbele ya tundu, na hewa iliyavuta kuelekea motoni. Siku tatu hizi hakujisumbua. Akaushika ukuta ili asiyumbe, akayaachia makapi mbele ya tundu. Yalianguka chini moja kwa moja, kama mawe.

"Toka nje, mama. Toka sasa hivi."

Mlangoni akakutana na Bura, kijana mwenye mabega mapana, akija huku anapiga mluzi.

"Shikamoo, mjomba. Nenda kalale, macho yako mekundu."

Kitanda chake kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale. Alikuwa amekwisha kusema mara mbili, nani angemlaumu? Nikolausi alimtazama mtoto wa dada yake, akaona aibu kwa wazo lile.

"Huingii humu," alisema.

Akafungua mlango wazi, akaukokota moto wote nje kwa reki ya chuma, na Bura akaumwagia maji. Mvuke ulipopanda, Ignasi akaja mbio.

"Nikolausi! Nani amekuruhusu? Watu wataoga nini?"

Nikolausi akamwonyesha yule kuku aliyekufa.

"Mdondo huo, ugonjwa wa kuku tu," Ignasi alisema.

"Haya. Nitawasha tena, nifunge mlango. Wewe ukae ndani na Bura mpaka jioni. Ukitoka unatembea, magunia yabaki."

Ignasi aliutazama mlango. Akamtazama Bura. Baadaye kidogo alivua koti, akashika gunia la kwanza kwa ncha moja, na Bura akashika ile nyingine.

Wakayasogeza yote, wakaacha nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta. Maneno mekundu yakaonekana tena, yamechafuka kidogo. Bura akawasha moto. Nikolausi akaachia makapi mbele ya tundu, nayo yakaruka kuelekea motoni.

Maji yalichelewa sana. Kutoka bafuni watu walimtukana kwa jina lake na la ukoo wake. Perpetua alikuwa amebeba mayai kwenye kanga kwenda kutafuta kuku mwingine. Nikolausi akaketi juu ya gunia, nje, mgongo ukiuma. Alitaka kusali vizuri, lakini neno lililopatikana lilikuwa "asante" tu.

"Mjomba, nenda nyumbani," Bura aliita kutoka ndani.

"Nitakwenda. Wewe imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Nataka kukusikia."

Bura akaanza wimbo wa kanisani, kwa sauti mbovu, na Nikolausi hakuondoka pale.