Kaburi la Bu Sarinten

Alhamisi mchana, baada ya kula, watu wa ofisi ya bima mjini Semarang waliunganisha meza mbili wakaanza kupanga mapumziko ya mwisho wa wiki. Galih alitaka ufukweni. Bu Hapsari, mkuu wa ofisi, alisema joto amelichoka.

"Salatiga," akasema. "Mji mdogo, baridi safi, mtu analala bila feni. Ukifungua dirisha asubuhi, mlima huo hapo. Halafu si ndiko kwenu, Mbak Wening?"

"Hakuna kitu kule, Bu," Wening akajibu. "Giza likiingia tu, watu wamelala."

"Ndicho ninachokitafuta."

"Mbak, dada yetu huyu, anatubania," Galih akadakia. "Anaogopa tutammalizia wali kwao."

Wakacheka. Kisha Bu Hapsari akashusha sauti. "Tena tutapita makaburini, tumwagie mama yako maua. Miaka yote tunafanya kazi pamoja, hata siku moja hatujamzuru. Ni aibu yetu."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Wening akasema asante.

Mama yake, Bu Sarinten, aliuza tumpang katika soko la asubuhi la Salatiga. Tumpang ni mchuzi wa soya iliyoachwa ichache hadi inuke, unaopikwa na kano za ng'ombe, na harufu yake haikubali kubaki chomboni. Mwaka wake wa kwanza kazini, Wening alikuja na bakuli alilofungiwa na mama yake. Mtu mmoja akauliza nani amefia kabatini. Ofisi nzima ikacheka, naye akacheka nao. Idd ilipofika, wenzake wakasema watakwenda kumsalimia mama yake. Wening akawaambia mama yake amefariki wiki iliyopita. Alilisema kama mtu anavyosema basi limechelewa.

Ofisi ikatuma ubao wa rambirambi uliopambwa kwa maua. Ulifika Salatiga kwa gari kabla Wening hajajua kuwa umeagizwa. Bu Sarinten aliusoma akiwa mlangoni na upawa mkononi, akawauliza vijana waliouleta kama hawakupotea nyumba. Wakamwonyesha anwani. Ilikuwa ya kwake, na jina lilikuwa lake. Akawaonyesha pa kuusimamisha.

Jioni majirani wakaja kusoma dua, maana ubao ulikuwa umeshasimama na kila mtu ameuona. Bu Sarinten akawapikia. Pak Ngatiman, mchimba kaburi, akachimba shimo kando ya kaburi la marehemu mume wa Bu Sarinten, akalifukia, akasimamisha jiwe. Tangu wiki ile Bu Sarinten akawa amekufa. Sokoni aliendelea kwenda kwa sababu wateja walikuwa na njaa. Kwenye kliniki ya wazee mzani ulisoma sifuri. Muuguzi akaandika sifuri, akampa vidonge vyake vya vitamini kama kawaida. Wening alipokwenda kumwona kila Idd, hakuulizwa kitu. Aliulizwa kama amekula.

Alhamisi hiyo, alipotoka kazini, akampigia simu.

"Mama, wenzangu wanakuja Jumamosi."

"Karibuni. Watakula nyama?"

"Wanataka kuzuru kaburi."

"Basi nitalifagia. Majani yanaanguka kweli siku hizi. Wavae viatu vya kufunga, kuna matope."

Jumamosi walifika asubuhi kwa gari dogo la kukodi. Walikuta kaburi limefagiwa na mistari ya ufagio ingali mbichi ardhini. Bu Sarinten alikuwa amesimama kando na birika la maji. Bu Hapsari akachuchumaa, akamwaga mawaridi na asumini, akaomba dua huku machozi yakimtoka. Galih alivua kofia. Machozi ya Bu Hapsari yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuunguza Wening uso hadi masikioni. Hakujua aangalie wapi. Akaangalia viatu vyake.

Bu Sarinten akasogea, akamwagia jiwe maji, akalipangusa kwa kiganja pale palipoandikwa jina lake.

"Asante, Mbah," Bu Hapsari akamwambia, kama wanavyoitwa bibi wazee, huku akijifuta macho. Akamgeukia Wening. "Na Mbah huyu ni nani kwenu?"

Wening akafungua kinywa. Mama yake alikuwa akimtazama kwa utulivu, kama anavyomtazama mteja ambaye bado hajaamua atakula nini.

"Jirani," Wening akasema.

"Jirani wa karibu," Bu Sarinten akaongeza. "Nimemlea huyu."

Akawakaribisha sokoni, kwenye banda lake. Wakala tumpang wote, na Galih akaongeza mara mbili. "Mbak Wening, uchoyo wako huu!" akasema akijilamba vidole. "Kitu kama hiki kipo kwenu na wewe unatwambia hakuna kitu!" Bu Hapsari akasema laiti marehemu angekuwepo akamwona binti yake alivyo na marafiki. Bu Sarinten akakubali kwamba angefurahi sana.

Walipokuwa wakielekea garini, Wening akarudi nyuma ya banda. Mama yake alikuwa akiosha sahani.

"Mama, nitawaambia. Sasa hivi."

"Waambie, mwanangu."

"Hukasiriki?"

"Nimeshazoea. Mchana nakwenda kule najilaza kidogo. Pana ubaridi mzuri. Baba yako hasemi sana." Akasuuza sahani, akaiegemeza. "Lakini usiwaambie kwa ajili yangu. Mimi yangu yamekwisha."

Wening akataka kumbusu mkono. Mkono ulikuwa umelowa, mwepesi kama kitambaa kilichoanikwa. Akaubusu, akaondoka haraka.

Garini Bu Hapsari alikuwa amemwekea kiti cha mbele. "Umesahau kitu?"

Wening akashika mlango. Wote walikuwa wakimngoja, wameshiba, wanampenda.

"Hapana, Bu. Twendeni."

Galih akawasha gari, akapiga honi. "Kwaheri, Mbah! Tutarudi!" akapaza sauti kupitia dirishani.

"Kila mwaka tutakuja," Bu Hapsari akasema, akipunga mkono. "Tazama anavyotupungia, jamani. Mpungie, Wening."

Wening akageuka. Aliliona banda, akaliona sufuria likitoa mvuke. Aliuona upawa ukiinuka peke yake, ukachota, ukamimina kwenye wali. Mteja mmoja akapokea sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akamshukuru mtu ambaye Wening hakumwona.

Akainua mkono, akapunga upande ule waliokuwa wakipungia wenzake.