Punje za Jua la Ukungu

...eti sasa aeleze yeye, Damari aliyeishia darasa la pili akarudishwa kulea wadogo zake, na huyu mjukuu Eveline amesomea fizikia Mbeya mpaka kavaa miwani, kaandika kijitabu cha mwanga kwa watu wa kawaida, halafu anakuja Nyololo kusema, "Bibi, nirudishie ulivyoelewa, nijue kama kinaeleweka," kana kwamba maharage haya yatajichambua... haya, mwanga haumiminiki kama uji, unakuja punje punje, "Ndivyo, Bibi, na kila punje ina nguvu yake," na kitu kikipigwa kinaimeza punje nzima au kinaiacha, hakuna kumega, hilo hata kuku wanalijua, na mumewe Liberatus pale anaota moto, kafumba macho, anajifanya kalala, akilala kweli hukoroma... punje za makaa ni nyingi ila nyonge, anasoma Eveline, zinaitikisa ngozi tu ndipo unasikia joto, hata zije gunia kwa gunia hakuna moja yenye ubavu wa kukata ule uzi mdogo ndani unaoielekeza ngozi iote vipi, lakini jua lina punje zisizoonekana kwa macho, hizo moja tu inakata, na weusi wa ngozi ndio huzimeza kabla hazijafika ndani... mkono wa Damari umesimama kwenye ungo, maana Tekla hakuwa na weusi huo, Tekla kitinda mimba wake, alizaliwa na ualbino, shangazi ambaye Eveline hakumkuta, "Bibi, umepotelea wapi?" sijapotea, soma... asubuhi za Julai, ukungu umelalia viazi, baridi inang'ata masikio, Liberatus anacheka, jua liko wapi hapa, wewe mwanamke, Tekla twende tukapalilie, na mtoto anaruka, alipenda kutumwa na baba yake, kisha kidonda cha sikio, na baba yake akasema ni moto wa mama yako huo, anavyokukalisha jikoni kutwa, na Damari akaamini, akamtoa jikoni, akamfukuza kabisa, nenda nje kwenye ubaridi mwanangu, nje ndiko salama... kisha shingo, kisha hospitali kule Mbeya, kisha msiba, na mbele ya wazee wa kanisa mwanamume huyu akasimama akasema mama mtu ndiye kamuunguza, watu wakaguna, tangu siku hiyo Damari anapuliza kuni kageuza uso... "Na ukungu hauzizuii?" anauliza, sauti si yake, "Unapunguza joto, Bibi, ila zile zinazokata nyingi zinapita, na huku juu milimani ni kali zaidi"... kumbe si moto wake, alidhani siku akiambiwa hivi atapiga vigelegele, mbona anauona mgongo mdogo ukitokea mlangoni kwenda kwenye ukungu, umetii, haujageuka... mzee kafumbua macho. "Mama Tekla," anasema, jina ambalo hajalitamka tangu makaburini, "hata siku zile za ukungu mzito?" Angeweza kumdanganya, kusema watoto wa siku hizi wanaandika lolote, Eveline kalamu iko hewani hajui kinachoulizwa, maharage hayajafika nusu, "Hata hizo," anasema Damari, na anamwona akihangaika na macho yake, mara motoni, mara mlangoni, mara kwa mjukuu, hayana pa kukaa, kisha yeye ambaye hakuwahi kumwomba Damari kitu, hata maji alikuwa anaagiza, anaomba amrudilie maelezo yale ya mwanga, taratibu, na Damari anamrudilia.