Plagi ya Nne

Mtaa mzima ulimwita Kaza, na jina lenyewe hakupewa bure. Alikuwa fundi bomba mpaka akastaafu, na fundi bomba, kwa imani yake, ana dhambi moja tu: kuacha kitu kivuje. Basi alikaza. Alikaza bomba la jikoni mpaka mpira wake ukapasuka. Alikaza kifuniko cha chupa ya jamu mpaka mkewe akaenda kwa jirani kuomba koleo. "Mume wangu," mkewe alikuwa akimwambia, "siku nikikuudhi tafadhali usinishike mkono, nitaurudisha nyumbani vipande."

Mwaka jana mkewe akafariki. Moyo, ghafla, hata kuaga hakuaga. Sasa chupa zile zimo kabatini, Kaza anazifunga mwenyewe na kuzifungua mwenyewe, na hakuna wa kumsema. Jamani, mtu anaweza kuumwa na roho kwa kukosa kusemwa.

Kilichobaki ni gari, dogo na kuukuu, ambalo hao wawili walikuwa wakilitengeneza wenyewe bandani nyuma ya nyumba. Kaza aliliendesha mpaka dukani na kurudi, basi. Tangu msiba injini ilikuwa na kimlio, chk chk chk, kama mtu anayesonya. Hakukitafuta kinatoka wapi. Mwenye kuishi peke yake hachagui wa kuongea naye, na Kaza alifika mahali pa kukijibu: "Ndiyo, najua, nimesahau sabuni. Tutarudi."

Mtoto wao pekee, binti, aliolewa mji mwingine, mwendo wa asubuhi nzima. Alikuwa amejifungua, na kila jioni alipiga simu.

"Baba, unakuja lini kumwona mjukuu wako?"

"Nakuja, mwanangu."

Mtoto akaanza kucheka, Kaza nakuja. Mtoto akakaa, Kaza nakuja. Mtoto akaota jino, Kaza bado yuko kwenye nakuja yake. Si kwamba hakutaka. Aliogopa. Njia ile hajawahi kuiendesha bila mkewe pembeni, akimenya machungwa na kumkosoa gia. Asubuhi nzima ubavuni mwa kiti kitupu? Hakuiweza, na kumwambia binti aliona aibu.

Mwishowe binti akachoka. "Baba, Jumamosi hii. Usipokuja, sitakuuliza tena." Na binti yule alikuwa wa mama yake hasa: akisema, amesema. Kaza alijua kwamba akikosa Jumamosi, ile simu ya jioni haitalia tena, na nyumba itabaki na yeye na chupa zake.

Basi Alhamisi akatoka kulijaribu gari. Alipokuwa anapanda kilima cha sokoni, paa! Muuza nyanya akajitupa chini ya meza. Injini ikaanza kunguruma kama trekta, na Kaza akasukumwa na vijana, huku wakimtania, mpaka kwa fundi wa kona.

Fundi akafungua boneti, akaguna. "Mzee, gari limetema plagi." Kweli, plagi ya nne ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, na tundu lake limebaki wazi. Fundi akaingiza kidole. "Nyuzi za kushikia plagi zote zimekwanguka. Aliyeifunga hii hakuikaza. Imechezacheza humu mpaka ikala kila kitu."

"Hakuikaza? Mimi mtaani hapa naitwa nani?"

"Sasa nani aliifunga?"

Kaza akajibu bila kufikiri, na kicheko juu: "Mambo ya plagi yalikuwa ya marehemu. Mkono wa kike, si unajua."

Fundi hakucheka. Alimjua marehemu. Alifuta kidole chake kwa tambara, akasema ana foleni mpaka wiki ijayo, ila atamwazima tapu ya kukatia nyuzi mpya na kumpa kibushi, kijibomba cha chuma chenye nyuzi zake, cha kuingiza humo. "Mikono unayo, Mzee. Fanya pole pole." Wakalivuta gari mpaka nyumbani.

Ijumaa asubuhi Kaza akaingia bandani. Kabla ya kugusa tundu bovu alitaka kuhakikisha plagi nyingine. Ya kwanza ikagoma. Alining'inia kwenye spana kwa mikono miwili ndipo ikalia na kuachia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu karibu imtoe bega. Hizi zilikazwa na yeye, hakuna mwingine.

Hapo akasimama. Kidole kimoja hakivunji chawa, na plagi za gari lile zilikuwa kazi ya watu wawili. Mkewe, mwenye vidole vyembamba, aliichomeka kila plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli, akaishusha tunduni, akaizungusha taratibu mpaka ikakaa. Kisha akaita, "Tayari!" Kaza akaja na spana. Moja moja, hivyo hivyo, miaka yote.

Na siku ile? Siku ile ya kwanza ilikazwa, ya pili ikakazwa, ya tatu ikakazwa. Kaza akaingia ndani kunywa maji, akakuta redioni mpira umefika patamu. Akasikia kutoka bandani, "Tayari!"

Akajibu, "Nakuja!"

Akasikia tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Tayari, bwana."

"Nakuja, Mama!"

Alipokwenda, mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono kifuani, na hakuinuka tena. Baada ya maziko Kaza alirudishia waya na kufunga boneti bila kutazama, kichwa kikiwa hakimo. Plagi ya nne ilikuwa bado inamsubiri yeye.

"Na nimekwenda kukusingizia mbele ya watu," akasema kwa sauti, bandani peke yake. Akakaa kwenye kigoda kile kile, akalia kilio cha watu wazima, kile kisicho na adabu. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mjukuu alikuwa naye tayari, na majuto ndiyo hayo yamefika kabla hajamwona.

Alipomaliza kulia akafanya kazi. Akapaka tapu grisi nene, ili inase vumbi la chuma lisidondokee ndani, akaizungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Akasafisha. Akakiingiza kibushi kwa gundi yake, akakiacha kishike mpaka mchana ukapita. Aproni ya mkewe ilikuwa bado kwenye msumari, na mfukoni kile kipande cha mpira. Akashusha plagi nacho kwa vidole vyake vinene, akakosea, akarudia, mpaka ikakaa.

Juu ya rafu kulikuwa na spana ya kipimo, ile inayolia yenyewe plagi ikishakazwa kiasi. Mkewe ndiye aliyeinunua. Kaza alinuna wiki nzima, kwamba mkono wake unatukanwa, na hakuwahi kuitoa kwenye sanduku. Sasa akaitoa, akaweka namba, akavuta. Ka! Mapema hivyo? Mkono ulimwasha kuongeza kidogo, kidogo tu.

"Haya, Mama," akasema. "Umeshinda." Akaiondoa spana, kisha akazirudisha zile tatu kwa kipimo hicho hicho.

Jumamosi aliondoka na mfuko wa machungwa kwenye kiti cha pembeni. Injini ilikuwa kimya kabisa, ile chk chk imekwisha, na upweke wa njia ile usiombe ukukute. Mara mbili alisimama pembeni akataka kugeuza. Kawia ufike, alijiambia, na akaingiza gia vibaya, na hakuna aliyemkosoa.

Simu ililia alipokwisha kuzima gari.

"Baba," sauti ya binti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa, "umeondoka kweli, au ndiyo nakuja?"

Kaza akafungua mdomo, na neno lile lile likamjia ulimini. Akalimeza.

"Nimekuja, Mama," akasema. "Niko hapa mlangoni. Fungua."