Wasomaji wa Stoo ya Madawati Mabovu

Shule ilinipa stoo ya madawati mabovu kwa sababu hakuna aliyeihitaji, na ikanipa watoto saba kwa sababu hiyohiyo. Walikuwa darasa la nne, hawajui kusoma. Walimu wenzangu waliwaita mizigo. Mimi niliwaita wanangu, na asiyependa ameze wembe.

Siku ya kwanza, msichana waliyempa jina la Kasuku alisoma ukurasa mzima bila kukosea. Nilikuwa karibu kumpigia makofi nikaona kitabu amekishika juu chini. Kumbe miaka yote darasani kwao mwalimu alisoma, wao wakaitikia kwa sauti moja, mpaka kitabu kizima kikaingia kichwani kupitia masikio. Macho hayakuwahi kupewa kazi. Mtoto amekariri kitabu kizima, halafu mnaniambia hana akili? Nilikasirika kwelikweli, na hasira hiyo ilinitoa kitandani asubuhi nyingi.

Nikachukua kipande cha boksi, nikakitoboa kidirisha cha kuonyesha neno moja tu. Tukaanza kusoma ukurasa kutoka chini kwenda juu, neno baada ya neno, ili ule wimbo wao usipate pa kushika. Kasuku alilia. Maneno aliyokuwa akiyaimba kwa mbwembwe sasa yalimkwama kooni.

"Bandu bandu huisha gogo," nikamwambia.

"Gogo lenyewe kubwa mno, mwalimu."

Nilicheka, tukaendelea.

Nyumbani, dada yangu fundi cherehani hakunionea huruma. "Unampigia mbuzi gitaa, mdogo wangu. Wenzako jioni wanapumzika."

"Mbuzi wangu wameanza kutikisa vichwa," nikamjibu. Nilisema hivyo kwa madaha, lakini kuna siku moyo ulikuwa umeninywea, hasa watoto walipoamka wamesahau kila tulichosoma jana.

Kisha mwalimu mkuu akaniita. "Mwalimu, nakihitaji kile chumba. Hao watoto warudi nyuma ya darasa kama zamani. Labda unionyeshe kwamba wanasoma. Ijumaa nitapita."

Mwenzangu wa meza ya jirani alininong'oneza, "Waache waimbe ule ukurasa wanaoujua. Mzee atafurahi, mambo yaishe."

Alisema kweli, mzee angefurahi. Chumba kingebaki chetu. Lakini wanangu wangejua kwamba hata mimi siamini kuwa wanaweza, na hilo nisingeweza kulimeza.

Ijumaa mkuu akaja, akaketi kwa uangalifu kwenye dawati la miguu mitatu. Nikamwambia, "Mkuu, chagua wewe cha kusoma. Kitu ambacho hawajawahi kukiona."

Alitazama huku na huku, akachomoa mfukoni gazeti alilonunua asubuhi na ambalo hakupata nafasi ya kulifungua. Akamkabidhi Kasuku, akamwambia afungue ukurasa wa michezo. Shule nzima ilijua mkuu anaipenda timu ya Mabingwa kuliko chakula.

Kasuku akalifungua gazeti. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Mkuu akaangalia saa yake, nami nikabana meno nisimsaidie.

"Ma... mabi..." Kidole kikasogea mbele. "Mabingwa. Wa... wacha... wachapwa."

Mkuu aliinua kichwa. "Wamechapwa? Na nani?"

"Wachapwa... nyu... nyumbani."

"Nyumbani? Hebu lete nione."

Akainuka, akanyoosha mkono. Kasuku akalivuta gazeti kifuani, akarudi nyuma hatua moja. Mtoto huyu hakuwahi kumjibu mkubwa yeyote hapo shuleni.

"Subiri, mkuu. Usisome wewe. Nafika hapo sasa hivi."

Nilidhani atamfokea. Wale sita wengine waliacha hata kupumua. Mimi nilijivuna, wala sioni haya kusema. Nilijivuna mpaka machozi yakanilenga, kwa sababu hakuwa anaimba, alikuwa anapigana na kila herufi kwa macho yake mwenyewe, na alikuwa anashinda.

Mkuu wa shule akashusha mkono. Akarudi kuketi, viganja magotini, akasubiri Kasuku amwambie wamefungwa ngapi.