Ng'ombe wa Kumi na Mbili

Mjukuu wangu Wachuka, anayesomea kompyuta chuoni hapa Njoro, ametengeneza mchezo wa simu. Unalima, unakama, unapeleka maziwa barabarani, umeshinda. Ukipenda, si lazima, kuna ng'ombe kumi na wawili waliofichwa. Ukiwakama wote unapewa zawadi: mluzi wa marehemu mume wangu Jamleck, ule wa kuita ng'ombe. Wachuka aliurekodi babu yake akiwa hai. Mimi sijausikia tangu tumzike.

Kumi na mmoja niliwamaliza kwa siku mbili. Wa mwisho, Meneja, alinipiga teke wiki tatu.

Meneja yuko kweli, hapo nje, anakula majani ya nepia. Kwenye simu nilimpa chumvi, nikamwosha chuchu, nikatanguliza ndama. Teke.

"Shosho, nikuonyeshe?" Wachuka akauliza.

"Nionyeshe, uone kama utakunywa chai kwangu."

Jumamosi akaja na Nasir, kijana wa mjini Nakuru wanayetengeneza naye mchezo.

"Watu hamsini wamejaribu, wote wamekwama," Nasir akasema. "Leo tunaweka mshale wa kuonyesha njia. Hata wewe shosho unateseka bure!"

Huruma yake niliiona. Na mluzi nilikuwa nautaka kuliko hao hamsini wote. Lakini mimi, nionyeshwe kumkama Meneja?

"Ngojeni chai ya birika iishe," nikawaambia.

Sasa niseme ukweli. Jamleck alipotuacha, Meneja alizuia maziwa siku nne. Siku ya tano akajaza ndoo. Akina mama wa kanisa niliwaambia nimemkalisha chini, tukaongea kama wanawake. Uongo mtupu. Nilivaa koti la Jamleck, lenye harufu yake. Nilidhani tunajua sisi wawili tu, mimi na ng'ombe.

Na ndani ya simu, kwenye msumari wa zizi, kulikuwa na koti. Nililiona siku ya kwanza, nikalipita kama sijaliona.

"Wachuka, ulinichungulia?"

"Kwa ufa wa ubao wa zizi, shosho."

"Na ukanyamaza miaka miwili!"

"Ulikuwa unaringa vizuri, ningekuharibia."

Nikalivaa, kwenye simu. Meneja akatulia. Maziwa yakashuka, kisha mluzi ukalia: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaovuja mwishoni, kwa sababu Jamleck hakuwa na jino la mbele.

Nje, Meneja wa kweli akalia, akaja mbio hadi kwenye geti la zizi.

Nasir akakohoa. "Basi tusiweke mshale?"

"Msiweke. Asiyetaka kusumbuka, maziwa ya wale kumi na mmoja yanatosha chai. Lakini hilo koti lisogezeni karibu na mlango. Si kila mtu amewahi kuwa na ng'ombe anayemlilia mtu."

Meneja akalia tena. Nikatoa koti la Jamleck nyuma ya mlango, nikalivaa mbele yao wote, nikachukua ndoo.